Udongo haba wa jangwani na afya yako

Ukitoka mji wa Marsabit ukishika barabara ya Moyale, msitu wa mlimani huisha ghafla na mbele yako hutokea tambarare ya mawe meusi iitwayo Dida Galgalu. Huoni shamba wala nyasi za maana. Mawe yametapakaa kote kana kwamba yalimwagwa na lori, na chini ya mawe hayo mna udongo mchache wa vumbi. Ukipiga sururu mara chache, chuma hugonga mwamba.

Mawe hayo na mlima wenyewe vilitokana na volkeno. Tofauti yao ni mvua. Juu mlimani ukungu na mvua vimeuvunja mwamba kwa maelfu ya miaka hadi ukawa udongo mwekundu wenye kina, unaootesha miti na mahindi. Huku chini mvua ya mwaka mzima hufika milimita 200 hivi au hata pungufu, na bila maji mwamba huoza polepole mno. Hata kile kidogo kinachosagika hupeperushwa na upepo. Wataalamu huuhesabu udongo kuwa wa aina hii iwapo mwamba mgumu uko chini ya sentimita 25 tu kutoka juu. Sehemu kubwa ya nchi iliyo kati ya Marsabit na Ziwa Turkana iko hivyo.

Huenda unajiuliza, msomaji, udongo unatafuta nini katika ukurasa wa afya. Jibu ni kwamba wewe unayeishi Nairobi, Nakuru au Mombasa umezoea kutendewa kazi na udongo bila kujua. Ndio unaoficha kinyesi chako, ndio unaoyachuja maji kabla hayajafika kisimani, na ndio unaoyanywa maji ya mvua yasitiririke yote kwa mara moja. Mahali ambapo udongo ni haba, kazi hizo zote hukosa wa kuzifanya, na mzigo huangukia watu.

Anza na choo. Tangu shule ya msingi tumefundishwa kwamba kila boma liwe na choo cha shimo. Lakini shimo la choo huhitaji kina cha mita tatu au zaidi. Mwambie mzee wa Dida Galgalu au wa Loiyangalani achimbe shimo la namna hiyo, naye atakuonyesha mwamba. Kuupasua kwahitaji mashine au baruti, na gharama yake inaweza kuzidi bei ya mbuzi wote alio nao. Hivyo unaposikia watu wa mjini wakisema wafugaji hawapendi vyoo, jua kwamba kabla ya kupenda kuna swali la kuweza. Tena, familia inayohama kufuata malisho haitajenga choo cha kuachia fisi.

Basi watu huenda wapi? Wengi huenda lagani. Laga ni mkondo wa mto mkavu, na katika nchi ya mawe ndipo mahali pekee penye mchanga laini na vichaka vya kujisitiri. Balaa ni kwamba laga ndiyo pia kisima chao. Mvua ikinyesha juu ya mawe, maji hayana pa kuzama, hivyo hukimbilia lagani yakizoa kila kilichoachwa njiani. Baadaye akina mama huchimba mchanga huo huo kutafuta maji. Mchanga mzito huchuja vizuri kiasi, lakini hauwezi kushinda uchafu uliowekwa kando ya shimo la maji. Hapo ndipo kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu hupata mlango.

Usidhani pia kwamba mwamba ni kizuizi cha uchafu. Mwamba wa lava una nyufa. Katika udongo wenye kina, maji machafu hupita polepole na vijidudu vingi hunaswa au hufa njiani, lakini katika ufa wa mwamba maji hushuka kama katika bomba. Choo kilichochimbwa kwa taabu kwenye mwamba wenye nyufa, karibu na kisima au chemchemi, chaweza kuwa kibaya kuliko kukosa choo.

Dawa yake ni kujenga kwenda juu badala ya kuchimba kwenda chini. Mawe hayakosekani huko. Hujengwa vyumba viwili vya mawe na saruji juu ya ardhi, na juu yake sakafu yenye matundu na ngazi ya kupandia. Chumba kimoja hutumika mpaka kijae, kisha hufungwa na cha pili hutumika. Mkojo hupitishwa kwenye mfereji wake, na kila mtu akimaliza humwaga jivu. Jua kali na hewa kavu, ambavyo ni adui katika mambo mengine, hapa husaidia kukausha. Kilichofungwa kiachwe mwaka mzima au zaidi kabla ya kutolewa, kwa maana mayai ya minyoo hayafi upesi. Kwa shule, zahanati na vituo vya polisi hakuna sababu ya kutojenga vyoo vya namna hii.

Inzi na macho

Kuna inzi mmoja ambaye wasomaji wengi hawamjui. Ni mdogo kuliko inzi wa jikoni, na hupenda kutua machoni pa watoto kunyonya unyevu. Inzi huyu huzaliana hasa katika kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi, na si ndani ya choo cha shimo. Ndiye mmoja wa wabebaji wa trakoma, ambayo wengine huita vikope, ugonjwa uliosumbua kwa miaka mingi wilaya kavu za Marsabit, Turkana, Samburu, Baringo, Narok na Kajiado, ambazo leo ni kaunti.

Trakoma haipofushi siku moja. Mtoto huambukizwa tena na tena, ndani ya ukope hufanyika makovu, na akishakuwa mtu mzima ukope hujikunja kwa ndani. Kope hukwaruza mboni kila anapopepesa macho. Wanawake hupata zaidi, kwa kuwa ndio wanaokaa na watoto. Ukope uliojikunja hurekebishwa kwa upasuaji mdogo, na maambukizi hutibiwa kwa dawa inayogawiwa kijiji kizima. Utafiti uliofanywa Gambia na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa kujenga vyoo kulipunguza inzi hao machoni pa watoto kwa asilimia 30 hivi. Kunawa uso nako husaidia sana, na hakuhitaji maji mengi: kikombe kimoja kikimwagwa kidogo kidogo hutosha nyuso kadhaa.

Maji ya mwamba

Kwa kuwa juu ya ardhi hapakai maji, serikali na makanisa wamechimba visima virefu vya bomba kupenya mwamba. Maji hayo huwa hayana vijidudu vingi, lakini yamelala miaka mingi ndani ya mawe ya volkeno na kuyeyusha madini yake. Mengine huwa ya chumvi hata mgeni hawezi kuyanywa. Mengine hubeba floraidi, ambayo huionji wala huinusi.

Floraidi kidogo huyalinda meno. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha juu kuwa miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Ikizidi hapo, meno ya mtoto yanayoumbwa bado ndani ya ufizi hutoka na madoa ya kahawia, na hakuna mswaki utakaoyaondoa. Ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa na viungo hukakamaa. Maji ya Ziwa Turkana hupita kiwango hicho mara kadhaa, na Waelmolo wa pwani ya Loiyangalani, walioyanywa kwa vizazi vingi, wanajulikana kwa madaktari kwa meno yao ya kahawia na miguu iliyopinda.

Hapa nakuomba usikilize vizuri, kwa sababu makosa ni mengi. Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Kwa kweli huizidisha, maana maji hupungua na floraidi hubaki. Klorini nayo haiigusi. Inayosaidia ni kuyachuja maji kwa makaa ya mifupa ya wanyama, njia iliyoendelezwa Nakuru na dayosisi ya Kanisa Katoliki tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, au kuyachanganya na maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati. Mama mwenye mtoto mchanga ampe maziwa yake mwenyewe, kwani floraidi haipiti humo ila kwa kiasi kidogo sana.

Nawe wa mjini usijione umeepuka. Nairobi na Nakuru zimekaa juu ya mawe ya volkeno, na visima vingi vya mitaani huko vina floraidi kupita kiwango. Magadi unayotia katika maharagwe ili yaive upesi nayo huwa na floraidi. Ikiwa nyumba yenu hutumia maji ya kisima na mna watoto walio chini ya miaka minane, itisha karatasi ya vipimo kwa mwenye nyumba.

Ikiwa umehamishiwa kaskazini kama mwalimu, muuguzi au askari, uliza kwanza maji ya kituo yanatoka wapi na yamepimwa lini. Maji ya lagani yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa, kisha yatie dawa ya klorini. Kama kuni hakuna na dawa imekwisha, yatie yakiwa maangavu katika chupa ya plastiki isiyo na rangi na uilaze juani kwa muda wa saa sita. Kukiwa na mawingu, siku mbili. Usiende haja lagani wala juu ya kisima. Usitembee pekupeku usiku, kwa maana nge na nyoka hujificha chini ya mawe mchana na kutoka giza liingiapo. Asubuhi kung'uta viatu kabla ya kuvivaa. Akikuuma nyoka, usichanje wala kufunga kamba. Tuliza kiungo na ukimbizwe hospitali, ambayo huko yaweza kuwa umbali wa saa nyingi, kwa hivyo ujue mapema gari litatoka wapi.