Boti ya Jeti Haina Rafadha, Lakini Ina Bolti

Kila ndugu anayefanya kazi mtoni anaijua sauti ya rafadha inapogonga jiwe. Pini inakatika, boti inakosa nguvu, na mkondo unaanza kuwachukua abiria unakotaka wenyewe. Kazi ya siku hiyo imekwisha, na mara nyingi gharama ya rafadha mpya humwangukia nahodha, ingawa jiwe hakuliweka yeye. Ndiyo sababu boti ndogo za alumini zinazokwenda kwa jeti husifiwa sana. Sifa hizo ni za kweli. Lakini chombo hiki kina matunzo yake, nasi tumeona vema kuyaeleza kabla mtu hajatoa akiba yake kukinunua, au hajakubali kukiendesha kwa mshahara.

Asili yake ni Nyuzilandi. Katika Kisiwa cha Kusini mito hushuka kutoka milima ya theluji na kujigawa katika vijito vingi juu ya kokoto, mahali pengine maji hayafiki magotini. Mkulima mmoja wa huko, Bill Hamilton wa Irishman Creek, aliyezaliwa 1899 na kufariki 1978, alitaka boti itakayopita hapo. Alianza na pampu ya muundo wa Kimarekani iliyotoa maji chini ya boti. Kisha, kiasi cha mwaka 1954, akauinua mdomo wa kutolea maji hadi juu ya usawa wa mto, na boti ikashika mwendo. Mwaka 1960 boti za namna hiyo ziliupanda mto Colorado huko Marekani, zikipita Grand Canyon kinyume cha maji. Hata mto Kongo zimefika: katika msafara wa 1974 na 1975 ulioongozwa na John Blashford-Snell, nchi ilipokuwa ikiitwa Zaire, boti za jeti zilitumika, na Jon Hamilton, mwana wa Bill, alikuwa mmoja wa waendeshaji.

Boti za mwanzo zilikuwa za mbao, zikafuata za faiba. Siku hizi nyingi ni za alumini iliyochomelewa, kwa kuwa alumini ikigonga jiwe hubonyea kabla ya kupasuka. Bati la chini huwa na unene wa milimita 4 hadi 6 hivi.

Kazi yake ni rahisi kueleza. Injini inazungusha impela ndani ya bomba. Maji huvutwa kupitia wavu wa chuma ulio chini ya boti, yakasukumwa nyuma kwa nguvu, na boti ikaenda mbele. Hakuna kinachoning'inia chini. Ikiwa katika mwendo, boti ndogo inaweza kupita penye maji ya sentimita 10 tu.

Usukani nao hugeuza mdomo wa kutolea maji. Hapa ndugu aliyezoea rafadha na awe mwangalifu sana. Akiona jiwe mbele, mkono wake hupunguza mafuta wenyewe. Kwenye jeti, ukipunguza mafuta ghafla maji hayatoki, na maji yasipotoka usukani haufanyi kazi. Boti itakwenda moja kwa moja kwenye jiwe lile lile ulilotaka kulikwepa. Mwenye boti anayemkabidhi mtu funguo bila kumpa siku za kujifunza anamtia hatarini yeye na abiria wake.

Adui mkubwa wa pampu ni mchanga. Impela huzunguka ndani ya pete, na nafasi kati yao ni ndogo sana. Mchanga hula vyote viwili. Nafasi ikizidi, injini hulia juu lakini mwendo hauongezeki, mafuta yanakwisha upesi, na pengine utasikia mlio kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo. Wenye boti wengi hulaumu injini na kuita fundi wa injini, wakati ugonjwa uko kwenye pete. Penye fungu la mchanga usiwashe injini ukiwa umekwama. Shukeni mkaisukume boti hadi penye kina. Majani au kamba vikinasa kwenye wavu, zima injini kabisa, toa ufunguo utie mfukoni, ndipo upeleke mkono. Hili halina mjadala.

Alumini haipatani na shaba. Sarafu au kipande cha waya wa shaba kikikaa katika maji machafu ndani ya tumbo la boti, bati huliwa taratibu hadi kutoboka. Rangi yenye shaba isipakwe chini ya boti hii. Vipande vya magnesi hufungwa ili viliwe badala ya bati katika mto wa maji baridi. Baharini hutumika zinki. Nyufa zitafute kwenye maungio, na kazi ya kuchomelea apewe fundi mwenye mashine ya gesi ya agoni. Si kila fundi wa mageti anaiweza.

Sasa tuje kwenye bolti. Tarehe 23 Februari 2019, katika bonde la Skippers huko huko Nyuzilandi, boti ya jeti iliyobeba watalii ilipoteza usukani ikagonga ukuta wa mwamba, na watu wakajeruhiwa. Uchunguzi ulionyesha kuwa bolti zilizoushika mdomo wa kugeuzia zilikuwa zimekatika kwa uchovu wa chuma. Nchi hiyo ina kanuni maalumu za boti za jeti za biashara mitoni, Sehemu ya 82 ya kanuni za usafiri wa majini, zinazodai mpango wa usalama na leseni ya mwendeshaji. Karatasi zilikuwapo, na bolti zikakatika hata hivyo.

Kwa ndugu anayemiliki boti yake mwenyewe, hesabu ni hii: katika nauli ya kila siku atenge fungu la pete, impela, beringi na bolti mpya, kama anavyotenga la petroli. Asiyeweza kutenga asinunue bado. Kwa aliyeajiriwa, tunashauri mambo matatu yaandikwe katika mapatano ya kazi. Muda wa ukaguzi wa asubuhi uhesabiwe kuwa saa za kazi na ulipwe. Nahodha aliyeona kasoro kwenye usukani awe na haki ya kukataa kuondoka bila kukatwa mshahara. Na daftari la ukaguzi likae ndani ya boti, si ofisini kwa mwenye mali, maana nahodha wa zamu ya mchana anataka kujua ni nani aliyezitazama bolti asubuhi, na alizikuta vipi.