Michango ya Mfanyakazi Anayevuka Mpaka: Je, Haki Yake Huishia Namanga?

Kila alfajiri mabasi huondoka Babati kuelekea Arusha, na baadhi ya vijana wetu huendelea hadi Namanga, wakavuka kwenda kutafuta kazi Kenya. Wazazi wao huniuliza baada ya Misa: Baba, kijana aliyekwisha kuchangia mfuko wa hifadhi ya jamii hapa nyumbani akiajiriwa nchi jirani, michango yake inakuwaje? Swali hili ni la haki, kwa maana mchango ni sehemu ya ujira iliyotengwa kwa ajili ya uzee, ulemavu na familia atakayoiacha.

Tuchukue mfano. Fundi amefanya kazi Arusha miaka 8, akichangia Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF). Kisha anafanya kazi Nairobi miaka 9, akichangia mfuko wa Kenya, ambao nao huitwa NSSF ingawa ni chombo kingine kabisa. Tanzania anayo miezi 96, Kenya 108. Jumla ni 204. Sheria yetu hudai walau miezi 180 ya michango ili mstaafu alipwe pensheni ya kila mwezi. Miezi ya Nairobi isipohesabiwa, fundi huyu aliyetoa jasho lake kwa miaka 17 hafikii kiwango hicho. Hapa nyumbani atapata malipo ya mkupuo, na yakiisha yameisha.

Nchi za Ulaya zilikutana na tatizo hili mapema, zikatunga kanuni ya kwanza mwaka 1958. Kanuni ya sasa, Namba 883 ya mwaka 2004, inatumika tangu Mei 2010, nayo ina nguzo nne: mfanyakazi huwa chini ya sheria ya nchi moja kwa wakati mmoja, mgeni hutendewa sawa na raia, vipindi vya kuchangia katika nchi mbalimbali hujumlishwa, na pensheni humfuata mstaafu anapohamia nchi nyingine ya Umoja. Mifuko haiunganishwi. Kila nchi hulipa sehemu inayolingana na muda uliochangiwa kwake.

Kwetu, Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Ibara yake ya 10 humpa mfanyakazi mafao ya hifadhi ya jamii sawa na wafanyakazi wa nchi mwenyeji, na inaliagiza Baraza la Mawaziri kutunga kanuni kuhusu mafao hayo. Nguzo ya usawa, basi, imekwisha kusimikwa. Ile ya kujumlisha miezi ndiyo ambayo fundi wetu bado anaihitaji.

Historia yetu inaonya juu ya gharama ya kuchelewa. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wa reli, bandari, posta na shirika la ndege waliachwa wakidai haki zao. Mkataba wa tarehe 14 Mei 1984 uliitaka kila nchi iwalipe raia wake. Hata hivyo, wastaafu wa Tanzania walilazimika kwenda Mahakama Kuu, na mapatano yakafikiwa mwaka 2005, miaka 28 baadaye. Wengi walikuwa wamekwisha kufariki dunia.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Waraka wake *Laborem exercens* wa mwaka 1981, anafundisha kwamba mhamiaji asiwekwe katika hali duni kuliko wafanyakazi wengine, na kwamba pensheni ya uzeeni ni haki itokanayo na kazi. Viongozi wa Jumuiya yetu wanao wajibu wa kuikamilisha haki hiyo.

Wakati tukisubiri, ninyi mnaosafiri, msiondoke mikono mitupu. Chukueni namba ya uanachama na taarifa ya michango, mkihakiki kwamba mwajiri aliwasilisha kila mwezi aliokata. Majina yenu yafanane katika nyaraka zote. Huko mwendako, dai kuandikishwa tangu siku ya kwanza, na tunza hati zote za mshahara. Nakala moja iachwe kwa mama au kwa mwenzi wa ndoa hapa nyumbani, kwa maana siku ikifika, huenda wao ndio watakaolazimika kudai.