Mwanga Ukififia Njiani

Leza ya mawasiliano yenye nguvu ya miliwati moja hutoa takriban fotoni trilioni 7,800 kila sekunde. Ziingize kwenye uzi wa kioo, uziache zisafiri zenyewe, na baada ya kilomita 800 hivi itakuwa inatokea fotoni moja tu kwa sekunde. Mkongo wa TEAMS, uliofika Mombasa kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu mwaka 2009, una urefu wa karibu kilomita 5,000.

Si kosa la kioo. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, wakifanya kazi Uingereza, waliandika kwamba kioo kinachopoteza chini ya desibeli 20 kwa kilomita kingefaa kwa mawasiliano, na kioo cha namna hiyo hakikuwepo bado. Cha leo hupoteza desibeli 0.2. Kwa kuwa desibeli 10 ni kupungua mara kumi, mwanga uliotembea kilomita 50 umebaki moja ya kumi, na ukifika kilomita 100 ni moja ya mia. Usafi wa kioo umekaribia ukomo wake wa kimaumbile. Kilichobaki ni kuuongezea mwanga nguvu njiani.

TAT-8, mkongo wa kwanza wa nyuzi za kioo kuvuka Atlantiki (1988), ulifanya hivyo kwa kuzunguka: ndani ya vyombo vilivyolala baharini mwanga uligeuzwa umeme, alama zikanyooshwa, kisha leza nyingine ikazituma upya. Njia hiyo ina fadhila moja kubwa, kwamba uchafu wote ulioingia njiani hufutwa kila kituo. Lakini elektroniki zake zilifungwa kwenye kasi moja tangu kiwandani, na hakuna fundi wa kushuka chini ya bahari kuzibadilisha.

Mwaka 1987 David Payne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southampton, na Emmanuel Desurvire na wenzake wa Bell Labs, walionyesha kwamba mwanga unaweza kukuzwa ukiwa bado mwanga. Kinachohitajika ni mita kumi au ishirini za uzi uliotiwa chembe za madini ya ebiamu, na leza ya pembeni ya nanomita 980 au 1480. Leza hiyo huzipandisha atomu za ebiamu kwenye ngazi ya juu ya nishati, na huko hukaa kama milisekunde 10, muda mrefu mno kwa mambo ya atomu. Fotoni ya ujumbe ikipita hapo, atomu hushuka na kuachia fotoni pacha: rangi ileile, uelekeo uleule, mapigo yaleyale. Moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, na mwisho wa uzi mwanga umeongezeka mara mia.

Uzuri wa amplifaya hii ya mwanga ni kwamba haijui inachokikuza. Rangi kadhaa zilizo karibu na nanomita 1550 hupita pamoja, kila moja na shehena yake, na zote hukuzwa kwa mpigo. Kasi ikiongezwa haihisi. Ndiyo sababu mikongo iliyolazwa pwani yetu mwaka 2009 na 2010 imeweza kuongezewa uwezo kwa kubadilisha mitambo ya nchi kavu, bila kuigusa bahari. Umeme wa kuendesha leza za pembeni hutoka kwenye vituo vya ufukweni kupitia shaba iliyomo ndani ya mkongo, volti maelfu kwa mkondo wa ampia moja hivi.

Ila kutojua huko kuna gharama. Baadhi ya atomu hushuka zenyewe kabla ya kuitwa, zikatoa fotoni zisizobeba ujumbe wowote. Fotoni hizo hukuzwa sawa na zenye ujumbe, kama vile spika za ukumbi wa taarabu zinavyokuza sauti ya mwimbaji pamoja na kikohozi chake. Kelele ya chombo cha kwanza huingia cha pili, na vyombo kati ya Mombasa na Fujairah, kwa umbali wa kawaida wa kilomita 60 hadi 100, vinapaswa kuwa hamsini au zaidi.

Hapo hesabu inatoa jibu ambalo wengi hawalitarajii: vyombo vikiwa vingi zaidi, kelele hupungua. Kelele ya kila amplifaya hukua pamoja na kiasi inachokuza. Hamsini zinazokuza mara mia huleta kelele zaidi ya mara tano ya mia moja zinazokuza mara kumi. Kinachozuia kuvisogeza karibu ni pesa.

Mwanga ukishafika, lazima hatimaye uwe umeme. Chukua kisanduku cha faiba ukutani nyumbani. Hicho kinaweza kufanya kazi kwa mwanga wa maikrowati 2 tu, ambao fotodayodi huugeuza kuwa mkondo wa karibu maikroampia 2. Saketi zinazofuata zinataka volti. Pitisha mkondo huo kwenye rezista ya omu 10,000 upate milivolti 20, safi kabisa, isipokuwa fotodayodi ina uwezo mdogo wa kuhifadhi chaji, tuseme pikofaradi 0.5. Kuujaza kupitia rezista kubwa namna hiyo huchukua nanosekunde 5, na alama moja ya faiba ya gigabiti 2.5 hudumu nanosekunde 0.4. Alama zitapandiana. Ukiweka rezista ya omu 200 kasi itatosha, lakini joto la rezista yenyewe hutikisa elektroni zake, na kelele ya mkondo inayotokana na hilo huzidi mara saba.

Amplifaya ya transimpidansi hukwepa uchaguzi huo. Rezista ya omu 10,000 huwekwa kutoka tokeo la amplifaya kurudi kwenye ingizo lake. Amplifaya huvuta upande wa pili wa rezista kiasi kwamba volti ya ingizo karibu haisogei, na chaji ya fotodayodi haina haja ya kujazwa na kumwagwa. Ikiwa inakuza mara 50, fotodayodi huona kama omu 200, ilhali kelele inabaki ya omu 10,000. Mimi naiona ndiyo saketi yenye werevu mkubwa kuliko zote kwenye kisanduku hicho. Saketi ya aina hiyohiyo imo kwenye kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni hospitalini. Huko hakuna haraka, kwa hiyo rezista inaweza kuwa ya mamilioni ya omu.

Kwenye kituo cha ufukweni, kelele ya saketi hii haina uzito mkubwa, kwa sababu mwanga umekuzwa kabla ya kufika kwake na kelele ya ebiamu imeshaizidi. Nyumbani hakuna ebiamu. Mwanga wa nanomita 1490 unaoletwa huko hauhusiani nayo, tena umegawanywa, mara nyingi kwa nyumba 32. Saketi inabaki peke yake. Fundi akikusomea kwenye kipimo chake −19, yaani desibeli 19 chini ya miliwati moja, una ziada nzuri. Akisoma −27, ndizo zile maikrowati 2, na kiungio kilichoingia vumbi kikila desibeli 3, nusu ya mwanga huo imekwenda na taa nyekundu inawaka. Mwombe asafishe ncha ya uzi kabla hajakuuzia kisanduku kipya.