Hoho nyekundu zisitupwe

Ukipita soko la Mbuyuni hapa Moshi mjini kwenye saa kumi na mbili jioni, akina mama wanapoanza kukunja maturubai yao, utaona pembeni mwa meza nyingi kichungu cha pilipili hoho zilizogeuka rangi zikawa nyekundu. Asubuhi zilipita mikononi mwa wateja zikarudishwa. Mpishi wa mjini amezoea hoho ya kijani, ngumu, inayong'aa. Nyekundu kwake ni hoho iliyozeeka. Basi jioni hugawanywa mafungu kwa bei ya kutupa, na zile zilizoanza kulegea huishia jalalani pamoja na majani ya kabichi. Aliyezilima huko tambarare, akazimwagilia maji na kuzipigia dawa, kwa hizo hapati kitu.

Wakati huo huo wapo watu wanaozunguka maduka makubwa wakiulizia sosi ya pilipili yenye ladha ya moshi, ile nzito kama krimu, inayokuja katika vichupa vidogo kutoka ng'ambo. Wanailipia bei ya kilo nzima ya nyama. Na asili ya sosi hiyo ni pilipili za namna hii hii, zilizoiva hata soko likazikataa.

Jina linaloandikwa kwenye chupa ni chipotle. Ni neno lililotoka katika Kinahuatl, lugha ya Waazteki wa Meksiko, na maana yake ni pilipili iliyopigwa moshi. Pilipili yenyewe kule huitwa halapenyo, nene, fupi kama kidole. Ikiwa kijani huuzwa mbichi. Zile zinazoachwa mtini mpaka mwisho wa msimu huwa nyekundu na kulegea, na hapo ndipo shida inapoanza. Pilipili nyembamba ukiianika juani inakauka baada ya siku chache, lakini halapenyo ina nyama nene na maji mengi. Huoza kabla haijakauka. Watu wa kule waligundua zamani, kabla hata Columbus hajafika Amerika mwaka 1492, kwamba moto mdogo wenye moshi hufanya kazi inayolishinda jua. Moshi unakausha, unafukuza nzi, na baadhi ya vitu vilivyomo ndani yake huzuia ukungu na vijidudu. Ladha ilikuja kama nyongeza.

Sasa tazama hali yetu huku milimani. Kuanzia Machi hadi Mei ni masika. Juni na Julai, mvua zikishakata, wingu hulala juu ya vihamba vya Kibosho, Uru na Marangu, hata kilele cha Mawenzi usikione kwa siku kadhaa. Anika kitu majira hayo uone kitakavyoota manyoya. Bibi zetu walilijua hilo. Ndani ya nyumba ya msonge, juu ya mafiga, palikuwa na dari la fito ambalo kwa Kiswahili huitwa uchaga (neno ambalo sisi wa huku tumelizoea kwa maana nyingine). Hapo ndipo palipowekwa mbegu za mahindi na kila kitu kisichotakiwa kuoza wala kuliwa na wadudu. Wavuvi wa bwawa la Nyumba ya Mungu nao wamekuwa wakikausha perege na kambale kwa moshi. Ujuzi tunao. Tumeuacha tulipohamia nyumba za tofali zenye jiko la gesi. Na wageni wanaotania kwamba mji huu umeitwa Moshi kwa sababu ya kuni waambiwe kuwa jina liliteremka kutoka Old Moshi, kwa Mangi Rindi na Mangi Meli, Wajerumani walipojenga mji mpya huku chini penye reli.

Halapenyo si pilipili ya kuikuta kila siku katika masoko yetu, lakini hilo lisimkatishe mtu tamaa. Sifa ya halapenyo ni kuwa na vitu viwili kwa pamoja: nyama nene na ukali wa wastani. Vitu hivyo sisi tunavyo, ila vimegawanyika. Hoho ina nyama, haina ukali hata chembe. Pilipili mbuzi ina ukali wa kumliza mtu mzima. Mwaka 1912 mfamasia mmoja wa Marekani, Wilbur Scoville, alibuni kipimo cha ukali wa pilipili ambacho kinatumika hadi leo. Kwa kipimo hicho hoho ni sifuri, halapenyo huwa kati ya 2,500 na 8,000, na jamii ya pilipili mbuzi huanzia kiasi cha 100,000 kwenda juu. Kwa hiyo ukichukua hoho nyekundu 6 kubwa na pilipili mbuzi nyekundu 1, au 2 kwa waliozoea, ukazipiga moshi na kuzisaga pamoja, unakaribia sana kile Wameksiko wanachokipata katika pilipili moja.

Tuanze na moshi, maana hapo ndipo kazi ilipo. Tafuta debe lililokuwa la mafuta ya kula. La rangi au la mafuta ya gari halifai hata ukilisugua juma zima. Toa bati la juu, kisha toboa matundu matano au sita ubavuni, karibu na kitako. Chini kidogo ya mdomo pitisha nondo mbili nyembamba na juu yake tandika wavu wa kuchomea nyama. Ndani weka makaa machache yaliyokwisha kushika majivu, kiasi cha viganja viwili, na juu ya makaa vipande vya mti wa kahawa vilivyokatwa vifupi kama kidole.

Hoho zipasue mara nne, utoe mbegu na ule utando mweupe wa ndani. Pilipili mbuzi ipasue tu upande mmoja. Zipange kwenye wavu, ngozi ikitazama chini, halafu funika na gunia la katani lililolowekwa maji na kukamuliwa, ukiacha upenyo wa kutolea moshi. Joto liwe dogo: ukiweka kiganja juu ya wavu uweze kuhesabu polepole hadi kumi kabla hujakiondoa. Moshi nao uwe mwembamba, wenye rangi ya bluu kwa mbali. Ukiwa mzito mweupe, kuni zako ni mbichi au hewa haipiti, na pilipili zitakuwa chungu kama majivu. Geuza kila baada ya nusu saa, ongeza kaa moja moja na kipande cha mti. Baada ya saa tatu au nne hoho zitakuwa zimesinyaa, zimekuwa nyeusi-nyekundu, laini kama ngozi ya kiatu kilichovaliwa sana. Kwa sosi ya juma hili hapo panatosha.

Nimetaja mti wa kahawa kwa makusudi. Baada ya mavuno kila kihamba hupogolewa, na fito zake huishia kuwa kuni za kuchemshia maji ya kuoga. Kuni hizo ni ngumu, huwaka polepole na moshi wake ni mtamu. Hakuna haja ya kwenda kugusa msitu wa mlimani, ambao tangu mwaka 2005 umo ndani ya hifadhi ya taifa. Mwembe, mpera na mparachichi nayo inafaa. Paina, saiprasi na mkaratusi iache, kwa sababu utomvu na mafuta yake huacha masizi na uchungu. Mbao zilizopakwa rangi au kutiwa dawa ni sumu, na hapa niseme wazi kwamba ile tabia ya kuwasha moto kwa mfuko wa plastiki haina nafasi karibu na chakula cha aina yoyote.

Halafu, fanya kazi hii nje. Pilipili ikiangukia kwenye kaa hutoa mvuke unaokaba koo, na jirani wa nyumba ya tatu atakuja kuuliza kuna nini. Mwenye pumu asikae karibu. Isitoshe, mama zetu wamekwisha kuvuta moshi wa kutosha ndani ya majiko yasiyo na dirisha.

Anayetaka kuweka akiba ya miezi aendelee kukausha mpaka kipande kikikunjwa kivunjike. Kiwekwe kwenye kichanja juani, si juu ya ardhi wala kando ya barabara. Hili si suala la usafi wa macho tu. Ukungu unaoota kwenye mazao yasiyokauka vizuri unaweza kutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo haiondoki kwa kupikwa wala kukaangwa. Mwaka 2004 nchini Kenya sumu hiyo iliua watu 125 waliokula mahindi, na mwaka 2016 ikaua tena huku kwetu, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi huliwa kwa sahani na pilipili kwa kijiko, ni kweli, lakini ukungu huo huo huota kwenye pilipili. Ndiyo maana napendelea pilipili kavu nzima kuliko unga wa kupimiwa kwenye beseni: iliyo nzima unaweza kuikagua. Unga hauonyeshi kitu. Mwaka 2005 huko Uingereza mamia ya vyakula viliondolewa madukani baada ya kugundulika kwamba unga wa pilipili uliotumika ulikuwa umetiwa Sudan I, rangi ya viwandani inayoingia katika nta na dawa ya viatu na kushukiwa kuleta saratani. Ikiwa wenye maabara walidanganywa na wekundu, sisi tutaamuaje kwa macho?

Turudi jikoni. Vipande vyako vya moshi vimwagie kikombe kimoja cha maji moto, ufunike kwa dakika 20. Nyanya 2 zibabue kwenye makaa yale yale uzimenye. Kaanga kitunguu kimoja na punje 3 za kitunguu saumu kwa vijiko 3 vya mafuta ya alizeti mpaka vigeuke rangi. Saga vyote pamoja na maji yake, kwa blenda au kwa kinu, mpaka vilainike. Rudisha motoni, tia vijiko 2 vikubwa vya siki na kijiko cha chai cha chumvi, ukoroge dakika 10 mpaka uone mafuta yakijitenga pembeni. Hiyo ndiyo rojo yenyewe. Iache ipoe kabisa.

Sasa ile krimu. Kitu kinachowasha ndani ya pilipili huitwa kapsaisini. Haiyeyuki katika maji. Inayeyuka katika mafuta. Ndiyo maana aliyeungua mdomo akinywa maji anausambaza moto tu, lakini akinywa maziwa anapata nafuu, kwani mafuta na protini ya maziwa huinyakua kapsaisini na kuiondoa ulimini. Wala si moto wa kweli: neva za mdomoni zinazohisi joto zinadanganywa, na uchunguzi wa jambo hilo ulimpatia David Julius wa Marekani sehemu ya tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Ndege hawadanganyiki, nao hula pilipili kichaa bila wasiwasi na kutupandia miche kila kona ya kihamba. Kwa hiyo maziwa katika sosi hii yana kazi. Yanautuliza ukali ili ulimi upate nafasi ya kuonja moshi.

Mahoteli mengi huchanganya rojo hiyo na mayonezi. Mayonezi ya dukani mayai yake yameuliwa vijidudu kwa joto, hiyo sina ugomvi nayo ila kwa bei. Ya kujitengenezea kwa mayai mabichi, ikakaa mezani mchana kutwa umeme ukiwa umekatika, naiogopa kwa ajili ya bakteria wa salmonela. Mtindi wetu ni salama zaidi na ladha yake ni bora, huo ukali mdogo wa uchachu unakwenda vizuri na moshi. Mimina lita 1 ya mtindi mzito katika kitambaa safi cha pamba, ufunge na kuuning'iniza usiku kucha mahali pa baridi juu ya bakuli. Asubuhi maji yametoka, na umebaki na chini kidogo ya nusu lita, mzito kama siagi iliyolainika. Kwa kila kikombe cha mtindi huo tia vijiko 3 vikubwa vya rojo, ukoroge kwa upande mmoja. Rojo ikiwa ya moto mtindi utakatika ukawa chengachenga, na hapo hakuna dawa.

Asiyetumia maziwa aponde parachichi lililoiva na kukamulia ndimu, ila hiyo iliwe siku hiyo hiyo kwani hubadilika rangi. Wasikilizaji wa Tanga wana tui la nazi. Wao wachemshe tui zito pamoja na rojo.

Sosi yenye mtindi hukaa kwenye friji siku nne. Pasipo friji changanya kiasi cha mlo mmoja tu. Rojo peke yake, kwa sababu ya siki, hukaa kwenye friji majuma mawili katika chupa iliyochemshwa, lakini isiachwe kabatini, maana kitunguu saumu kilichozama katika mafuta mahali pa joto kinaweza kuzalisha sumu mbaya bila kuonyesha dalili.

Ijaribu kwa ndizi za kuchoma kwanza. Kisha nyama ya mbuzi, mihogo, na chipsi, ambapo ile tomato ya maji-maji ya vibandani itakuonea haya. Kwenye kiburu naona inazidi, maharage yake yanataka utulivu. Na mtori wa mzazi uacheni kama ulivyo.