Pingili Zimesagika

Mtu akirudi kutoka hospitalini na picha ya mgongo, mara nyingi hurudi pia na maneno mawili: pingili zimesagika. Katika vijiji vya Bugwema, ambako jembe la mkono ndilo linalotoa muhogo na mahindi, maneno hayo yanaweza kumlaza mama kitandani. Haogopi tena maumivu tu, anaogopa kuinama. Watoto nao wanamhurumia: "Mama, wewe pumzika."

Mwaka 2015, watafiti wakiongozwa na Waleed Brinjikji wa Mayo Clinic, Marekani, walikusanya matokeo ya picha za migongo ya watu 3,110 wasioumwa mgongo kabisa. Dalili za kusagika zilikutwa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Wamesagika, na hawana habari.

Basi nini kinauma miezi na miezi? Mara nyingi ni mishipa ya fahamu iliyozidi kuwa macho. Mbwa wa boma lililowahi kuingiliwa na fisi hubweka hata jani likianguka. Maumivu ni ya kweli, ila fisi hayupo. Kulala tu kunalegeza misuli ya mgongo, na hata goti nalo linazidi kukaza. Gegedu lake, ule utando laini wa kwenye ncha za mifupa, halina mishipa ya damu: hupata lishe likibanwa na kuachiwa, yaani ukitembea.

Ndiyo maana Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mazoezi na elimu kwa maumivu sugu ya kiuno, likashauri dhidi ya ile mikanda ya kiuno inayouzwa madukani. Naliona jambo hili kubwa, kwa sababu zoezi halihitaji mashine. Keti kwenye kiti imara, simama bila kushika, keti tena polepole. Mara tano leo, keshokutwa sita. Maumivu yakipanda kidogo na asubuhi yametulia, kipimo ni sawa. Yakiamka nawe yakiwa makali zaidi, punguza, usiache.

Lakini mguu ukipoteza nguvu, mapajani kwa ndani kukifa ganzi, mkojo ukakataa au ukatoka wenyewe, au homa ikaambatana na maumivu, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Shambani, mtaalamu wa fiziotherapia angemwambia mama ahesabu matuta. Manne, kisha anyooke, atembee hadi kwenye mti na kurudi, hata kama mgongo bado haujasema kitu. Wiki ijayo, matano.