Karikatire na kilio: mupaka uko wapi?

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili mutu asiseme ninafundisha wengine wakati mimi sikuanguka hata siku moja.

Miaka kadhaa imepita, ukuta wa kareri moja ulianguka kisha mvua ya usiku, ukafunika mufanyakazi mwenzetu. Alikuwa wa sous-traitance: mukataba wa miezi tatu tatu, kofia ya kuazima. Mimi nilikuwa delege wa sendika. Hasira ilikuwa mingi. Kijana mumoja wa kwetu, fundi wa kuchora, hakulala. Asubuhi alituletea karatasi: mutu iko chini ya mawe, miguu tu njo inaonekana, na pembeni kumeandikwa: « Pointage : présent ». Tulicheka. Ndiyo, tulicheka, kile kicheko cha watu wenye kuzoea hatari. Tukapiga fotokopi, tukaibandika ku valve ya ofisi, tukaituma ku WhatsApp. Nilisema: hii itachoma wakubwa.

Siku ya tatu, kilio kikiwa bado kinaendelea, muke wa marehemu alikuja. Hakupiga kelele. Alisimama mbele ya ile karatasi, akaniuliza:

« Papa delege, huyu njo bwana yangu? »

Nikaanza kueleza: hapana, Mama, tunapiga wakubwa, ni namna ya kusema tu. Akatazama tena.

« Wakubwa beko wapi mu hii picha? Miye naona miguu ya bwana yangu tu. »

Sikuwa na jibu. Niliibandua karatasi, nikaikunja, nikaitia mu mufuko. Lakini ile ya ku telefone, nani angeibandua?

Tangu siku ile, kila mara gazeti linachora watu wenye kufa juzi juzi, na dunia inagawanyika, hawa wanasema « ni uhuru », wale wanasema « ni aibu », mimi naangalia picha kwa macho ya yule mama. Naanza kuuliza swali lake: wakubwa wako wapi?

Amatrice: wafu kama chakula

Tarehe 24 ya mwezi wa nane 2016, tetemeko la udongo lilipiga katikati ya Italia. Karibu watu 300 walikufa, wengi wao kule Amatrice, muji mudogo wenye kujulikana kwa sosi yake ya makaroni. Siku chache kisha, gazeti Charlie Hebdo la Paris lilichora watu wa tetemeko kama sahani za Kiitalia. Mwenye damu mwili muzima: makaroni na tomati. Mwenye ngozi ya kuchubuka: makaroni ya kuchoma mu furu. Na wale wenye kufunikwa na kifusi, tabaka juu ya tabaka, miguu inatoka inje: lasagne.

Italia iliwaka. Ubalozi wa Ufaransa kule Roma ulitangaza kwamba muchoro ule hausemi mawazo ya Ufaransa. Wakubwa wa muji wa Amatrice walipeleka mashitaki. Gazeti lilijibu na muchoro wa pili, wenye kuwaambia Waitalia kwamba si Charlie Hebdo njo inajenga nyumba zao, ni mafia.

Tuangalie vizuri hii michoro mbili. Wa pili ni mukali pia, na unatia kosa lote ku mafia tu. Lakini ndani yake kuna swali moja lenye sisi wa migodi tunalijua sana: nani alijenga, na nani alikula feza ya sima? Mu muchoro wa kwanza, lile swali haliko. Kuna wafu na njaa ya mutazamaji, basi. Wenye kuutetea wanasema nia ilikuwa ile ile. Inawezekana. Hata mimi nilikuwa na nia yangu, na mama hakuiona, juu nia haikuchorwa.

Mwaka mumoja mbele ya pale, mwezi wa tisa 2015, mutoto mudogo wa Siria, Alan Kurdi, alikutwa amekufa ku bahari, pembeni ya Bodrum, Uturuki. Charlie Hebdo ilimuchora amelala kifudifudi mbele ya bango la McDonald's lenye kutangaza chakula cha watoto, mbili kwa bei ya moja, na maneno yenye kusema alikuwa karibu kufika. Wengi waliona gazeti linacheka mutoto. Wengine waliona linacheka Ulaya, yenye kufungua soko na kufunga mulango. Mimi ninakubali hawa wa pili, lakini nusu tu. Ni kweli, pale mwenye kosa anaonekana, bango liko. Lakini mwili wa mwana wa mutu ulikuwa ubao wa kuandikia mafundisho ya watu wengine.

Wakubwa nao wanajua kukasirika

Kuna hadisi ya zamani zaidi. Tarehe 1 ya mwezi wa kumi na moja 1970, moto uliunguza nyumba ya dansi kule Saint-Laurent-du-Pont, Ufaransa. Watu 146 walikufa, karibu wote vijana. Tarehe 9, Jenerali de Gaulle alikufa kwake, Colombey. Gazeti Hara-Kiri likatoa ukurasa wa mbele bila picha: « Bal tragique à Colombey : 1 mort ». Serikali ililipiga marufuku kuuzishwa kwa watoto na kubandikwa ku vibanda, ni kusema kuliua, kwa kisingizio cha kulinda vijana. Mwezi ule ule, waandikaji wake wakaanzisha Charlie Hebdo.

Ile kicheko ilipiga nani? Magazeti yenye kupenda herufi kubwa, na mukubwa mwenyewe. Vijana 146 hawakuchorwa. Lakini mama wa mumoja wao, akisoma yale maneno wakati kaburi lingali bichi, alisikia nini? Serikali ilisikia jina la Jenerali. Tukumbuke hiyo, juu mara mingi wenye kusema « heshima » hawako wanawaza wafiwa.

Sisi tunalijua lile neno. Kila ajali ikitokea, kuna mutu mwenye kravate anafika ku kilio na sanduku, magunia ya unga na maneno: « Tumuache marehemu apumzike. » Maana yake: musiulize. Tarehe 27 ya mwezi wa sita 2019, pembeni ya Kolwezi, udongo ulifunika wachimbaji wa mukono wenye waliingia mu kareri ya kampuni. Hesabu ya wafu ilifika 43. Mimi nilipokea foto za maiti ku telefone mbele sijapata jina hata moja. Hakuna mutu aliuliza kama zile foto zinapita mupaka. Zilipita mukono kwa mukono, bure. Kumbe muchoraji anashitakiwa, na sisi wenye kutuma foto tunakunywa chai.

Kwa hiyo siko kati ya wale wenye kulomba sheria ya kufunga midomo ya wachoraji. Sheria ile itaanza na muchoro wa Jenerali, haitafika ku muchoro wa mujane. Na bunduki ndiyo mbaya kupita yote. Tarehe 7 ya mwezi wa kwanza 2015, watu wenye silaha waliua watu 12 katika shambulio la Charlie Hebdo, na kati yao wachoraji wazee wenye kalamu tu mukononi. Hakuna muchoro wenye bei ile. Mwenye kuchukia gazeti, aliache ku kibanda. Au aandike, sawa vile ninaandika hapa.

Sisi pia tunachora wafu

Mutu asiseme kuchora mateso ni mambo ya Wazungu. Hapa Katanga, bababa zetu walitundika mateso mu salon, juu ya fotee. Nani hakuona picha ya « Colonie belge » kwa babu yake? Mufungwa amelazwa chini, askari anamupiga fimbo, na Muzungu amesimama anaangalia. Na Tshibumba Kanda Matulu, muzaliwa wa muji huu, alipiga rangi mauaji ya mwezi wa kumi na mbili 1941: wafanyakazi wa Union Minière walikuwa ku mugomo juu ya mushahara, wakakusanyika ku kiwanja cha mpira, askari wakafyatua. Makumi walikufa, na musemaji wao Léonard Mpoyi pia. Kwa mutu wa sendika, ile picha ni karatasi ya kuzaliwa.

Mbona « Colonie belge » haikukasirisha familia, hata wakainunua na posho yao? Angalia nani iko ndani. Mwenye kupigwa, iko. Mwenye kupiga, iko. Na mwenye kutuma, iko, na viatu vyake safi. Hakuna mutu anahitaji delege wa kumueleza.

Ni hapo ninaweka mupaka wangu, na ninauweka kwanza mbele ya miguu yangu. Kama muchoro unaonyesha maiti peke yake, na sisi tunacheka, tumemuzika mara ya pili. Kama unaonyesha mwenye kosa, uwe mukali namna unataka, hata kilio kikiwa hakijaondolewa. Na kama mwili wa mutu ni wa lazima ndani ya picha, basi tupitie kwanza ku mulango wa nyumba yake, tubishe hodi.

Kisha mwezi mumoja, yule mama alirudi ofisini kwa karatasi za décompte final. Yule kijana muchoraji alikuwa pale, macho chini. Alimulomba masamaha. Mama akamuambia:

« Kama uko nachora, mwanangu, chora ule ufa. Bwana yangu aliniambia juu yake siku mbili mbele. Balikuwa banauona bote. Baliandika mu cahier. »

Alichora ufa. Ukuta wa kareri, ufa toka juu mpaka chini, na chini yake meza, cahier imefunguka, na chef ameweka kikombe cha kahawa juu yake. Hakuna maiti, hakuna miguu. Tulimuonyesha mama mbele ya kuubandika, akasema: sawa.

Mara mbili muchoro ule uliibiwa usiku ku valve. Mara mbili tuliubandika tena. Ule wa kwanza, wenye miguu, ulikaa pale siku tatu, na hakuna mukubwa alinyoosha mukono kuuondoa. Niliuondoa mimi.