Uru Tatu za Vingunguti: Nani Mwenye Maana ya Nembo?

Wahakiki tumezoea kubishana kuhusu mahali maana ya kazi ya sanaa inapokaa: kwa mwandishi aliyeiumba, ndani ya maandishi yenyewe, au kwa msomaji. Aghalabu mjadala huu huendeshwa kwa riwaya na tamthilia zilizomo katika silabasi. Katika makala haya nautoa darasani na kuupeleka Vingunguti. Matini yangu ni ndogo sana: nembo iliyobandikwa kwenye uso wa fuso.

Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa fuso ni nini. Ni lile lori linalobeba mchanga, mbao, magunia ya mkaa, na ng'ombe wanaotolewa mnadani Pugu kupelekwa machinjioni Vingunguti. Neno lenyewe limeshakuwa letu. Tunasema fuso limekwama, mafuso yamepita, na hakuna anayelisikia kama jambo la ugenini. Lakini asili yake, si mchezo! Fuso ni mti wa visasili vya China, mti unaoota mashariki ya mbali kule jua linakochomoza. Baadaye likawa jina la kishairi la Japani yenyewe, na mwaka 1932 Mitsubishi wakalipa basi lao la B46. Kumbe lori linalotutimulia vumbi limebeba jina la mti wa hadithi.

Sasa tuitazame nembo. Ni maumbo matatu mekundu yaliyokutana kwa ncha zao katikati. Kwa Kiingereza huitwa almasi tatu, na wengi wetu tumeipokea tafsiri hiyo bila kuuliza. Kwa Kijapani hakuna almasi. Mitsu ni tatu, na hishi ni mmea wa majini ambao jina lake hutumika pia kwa umbo hilo la pembe nne. Sauti h ikigeuka b katikati ya neno (wanafunzi wa fonolojia hawatashangaa), tunapata Mitsubishi. Iwasaki Yataro, aliyeanza biashara ya meli mwaka 1870, aliunganisha nembo mbili: majani matatu ya mwaloni ya ukoo wa Yamauchi, watawala wa Tosa alikotoka, na maumbo matatu yaliyopandana ya ukoo wake mwenyewe. Alama hiyo ilipepea kwenye bendera za meli miaka mingi kabla ya gari lao la kwanza, Model A, kutengenezwa mwaka 1917. Kwa maneno mengine, mtu wa kawaida aliunganisha alama ya nyumbani kwake na ya mabwana wake. Hilo nalo ni dai la kitabaka, ingawa limechorwa tu.

Je, sisi tunaliitaje umbo hilo? Mcheza karata yeyote atakujibu: uru. Neno hili, kama kopa, shupaza na pau, tumelipata kwa Wareno, na kwao asili yake ni dhahabu. Basi umbo ni moja: Mjapani anaona mmea, Mwingereza anaona almasi, Mreno anaona dhahabu, nasi tunaona karata. Nani amekosea? Wanaoshikilia nia ya mwandishi watasema wote wamekosea isipokuwa Mjapani.

Jibu hilo halitoshi, kwa sababu wenye nembo wenyewe hawakutulia na maana moja. Mwaka 1934 kampuni ya biashara ya Mitsubishi iliandika kanuni tatu za maadili: wajibu kwa jamii, uadilifu, na maelewano ya mataifa kwa njia ya biashara. Ni rahisi mtu kuoanisha kanuni tatu na uru tatu, kana kwamba moja ilizaliwa na nyingine. Lakini kati ya 1870 na 1934 kuna miaka 64. Maana imevishwa nembo iliyokwisha kuzeeka.

Je, tukimbilie upande wa pili, tuseme maana ni ya msomaji, basi? Vingunguti fundi na utingo wakiziona uru tatu wanasoma uimara, na spea inayopatikana bila kuhangaika. Usomaji huo ni halali; umetokana na kazi yao ya kila siku. Ila tukiishia hapo tutafuta mengine. Mitsubishi ndiyo iliyounda ndege za kivita za Zero katika Vita vya Pili vya Dunia. Novemba 2018 Mahakama Kuu kabisa ya Korea Kusini iliamuru Mitsubishi Heavy Industries, kampuni ndugu yenye nembo ileile, iwalipe fidia Wakorea waliofanyishwa kazi kwa nguvu wakati wa vita hivyo. Mzee wa Korea akiziona uru tatu hasomi habari za spea. Maana yake haimo katika kanuni za 1934, wala haimo gereji.

Msimamo wangu, kwa hiyo, ni huu. Mwandishi hana hatimiliki ya maana, lakini msomaji mmoja naye hana. Tunapohakiki, hatuna budi kuuliza maswali matatu: alama ilitoka wapi, nani ameiongezea maana na lini, na nani maana yake imeachwa nje. Tumezoea kuwauliza wasanii wetu swali la kwanza tu, halafu tunakiita hicho uhakiki. Swali la tatu ndilo gumu, na ndilo linalomfanya mhakiki astahili jina lake, awe anasoma riwaya au uso wa fuso. Wenzangu wanaotafuta mada za tasnifu wasiende mbali: wakasimame barabarani Vingunguti na daftari, wasome yanayopita. Uwanja uko wazi, na anayepinga naye achangie.